Meza ya Treda Chipukizi: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Natengeneza kompyuta hapa Bukoba mjini, na mwenyewe nimetredi sarafu kwa miaka kadhaa. Mashine nyingi zinazoletwa kwangu na vijana wa foreksi zingeweza kuwa nzima mpaka leo. Radi ilinguruma nusu saa nzima kabla ya kupiga, na plagi ikabaki ukutani. Akaunti nazo zinaungua kwa sababu ya tarakimu moja iliyoachwa vile programu ilivyoiweka. Nimechoka kuona.

Haya ni kwa anayeanza, awe Kashai, Rwamishenye, Kamachumu au kule Kimwani. Sikufundishi kupata faida. Nakufundisha kupanga meza ambayo siku umeme, mtandao na akili vikikuacha kwa pamoja, pesa yako nyingi bado ipo.

UMEME NA RADI

Fanya

Anza na laptopu yenye betri nzima. Umeme ukikatika, laptopu inaendelea. Kompyuta ya mezani inazima katikati ya oda. Kabla ya kulipa, chomoa chaja pale pale dukani, iache ifanye kazi nusu saa, kisha tazama asilimia. Ikishuka kutoka 100 hadi 60, mrudishie mwenye duka mali yake.

Kama tayari una ya mezani, nunua UPS kabla ya skrini ya pili. UPS ndogo inakupa dakika kumi, labda kumi na tano. Zinatosha kufunga oda na kuzima mashine kwa utaratibu. Kuendelea kutredi kwa dakika hizo ni ujinga. Ijaribu kila mwezi: chomoa plagi mashine ikiwa inawaka, hesabu dakika. Nimefungua UPS zenye betri iliyovimba mpaka ikapasua gamba lake, na mwenyewe alikuja kujua siku ya giza.

Chomeka na ruta kwenye hiyo hiyo UPS. Hili watu wanalisahau kila siku. Kompyuta inawaka, ruta imezima, na treda anatazama bei iliyoganda akidhani soko limetulia.

Ukisikia ngurumo, chomoa vyote. Bukoba inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ya kutoka ziwani usiku na alfajiri haiji kimya. Plagi ya umeme kwanza, kisha waya wa mtandao, kisha waya wa antena kama skrini yako ni televisheni. Niliwahi kuletewa kompyuta ambayo plagi ilichomolewa vizuri kabisa lakini waya wa mtandao ukaachwa. Tundu la waya huo lilikuwa jeusi kama kitako cha sufuria ya kuni, na kwenye ubao njia za shaba zilikuwa zimebanduka kama maganda. Hakukuwa na cha kutengeneza. Laptopu iliyo kwenye betri na intaneti ya simu inakuruhusu kufunga oda yako bila waya wowote kukuunganisha na mawingu.

Weka waya wa ethi. Nyumba nyingi zina tundu la pini tatu ukutani na nyuma yake hakuna ethi yoyote. Ukigusa gamba la kompyuta ukahisi mchonyoto, hiyo ndiyo habari yenyewe. Mwite fundi umeme leo.

Usifanye

Usiamini kwamba UPS au stabilaiza inazuia radi. Stabilaiza inarekebisha umeme unaopanda na kushuka. Radi inaipita kama haipo.

Usiache mashine iwake usiku kucha ili roboti ikutredie. Usiku wetu una radi. Tena siku ya soko inafungwa New York saa kumi na moja jioni ya kwao, na huku kwetu ni saa sita usiku, au saa saba miezi ya baridi yao. Dakika hizo pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza linapanuka, na oda zinafungwa kwa bei ambayo hutaiona tena asubuhi.

Usidhani umeme utakuonya. Kwa miaka mingi umeme wa sehemu kubwa ya Kagera umetoka Uganda kwa njia ya Masaka. Hitilafu ikitokea ng'ambo ya mpaka, taa inazima Muleba na hakuna swichi ya kwako itakayoirudisha.

Usisimamishe skrini juu ya kabati au kuiegemeza ukutani. Tarehe 10 Septemba 2016 ardhi ilitikisika hapa kwa ukubwa wa 5.9, nyumba zikaanguka na watu wakafa. Skrini ikae kwenye meza pana, na mguu wake ufungwe.

MASHINE NA SKRINI

Fanya

Nunua mashine yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD. Basi. MetaTrader 4, programu ya kutredi, ilitoka mwaka 2005 na ni nyepesi. Mashine ya ofisi ya mtumba inaibeba bila jasho. Hakikisha tu inakubali Windows 11, kwa sababu Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na hii ni mashine itakayoshika pesa.

Ongeza skrini moja ya inchi 22 au 24. Ukingo wake wa juu uwe sawa na macho, umbali wa mkono ulionyooka. Dirisha liwe ubavuni. Mwanga wa dirisha ukiwa nyuma yako unapiga kioo. Ukiwa mbele yako unakuumiza macho, na kufikia saa kumi hutofautishi 1.08 na 1.06.

Usifanye

Usinunue skrini nne. Picha za matreda waliozungukwa na vioo ni za kuuzia kozi. Anayeanza hajui bado kusoma chati moja, na chati kumi na sita zinampa sababu kumi na sita za kubonyeza. Kijana mmoja alinijia na pesa ya skrini tatu. Nikamuuliza anatredi jozi ngapi za sarafu. Akasema moja.

Usifungue dirisha na kuwasha skrini usiku wa Novemba. Senene wanafuata mwanga, na mdudu aliyeingia kwenye feni ya laptopu anaisimamisha. Nimetoa miguu ya senene kwenye feni kwa kibano, mmoja baada ya mwingine.

MTANDAO

Fanya

Kuwa na mitandao miwili ya kampuni mbili: mmoja kwenye ruta, mwingine kwenye simu. Programu ya bei inakula bando kidogo sana. Kinachomaliza bando ni video za walimu.

Weka programu hiyo hiyo kwenye simu, ingia kwenye akaunti yako, na ujizoeze kufunga oda kwa simu ukiwa kwenye akaunti ya demo. Fanya mara kumi. Siku ya dharura si siku ya kutafuta kitufe kilipo.

Andika kwenye karatasi namba ya akaunti, jina la seva na namba ya simu ya dalali. Ibandike mezani. Neno la siri usiliandike hapo.

Weka kikomo cha hasara, hiyo SL, ndani ya oda yenyewe kabla ya kuituma. SL inakaa kwenye seva ya dalali. Kompyuta ikizima, inabaki. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na intaneti ya Tanzania ikadorora kwa mitandao mingi. Aliyekuwa na laini mbili alikuwa na laini mbili zilizolala. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikapita siku kadhaa kabla ya kurudi. Mwenye SL alirudi akakuta hasara aliyoipanga mwenyewe. Asiyekuwa nayo alirudi akakuta chochote.

Usifanye

Usichanganye SL ya kawaida na SL inayofuata bei. Kwenye MetaTrader hii ya pili inasogezwa na kompyuta yako. Mashine ikizima au mtandao ukikatika, inaganda pale ilipofika. Watu wazima wenye miaka mitatu sokoni hawalijui hili, wanaondoka kwenda sokoni kununua ndizi huku wakidhani wamelindwa.

Usitredi kwenye intaneti kafe. Kibodi usiyoimiliki inaweza kukariri kila unachoandika.

MPANGILIO WA CHATI

Hapa ndipo pesa inapotea kuliko kwenye radi, kwa hiyo soma polepole.

Fanya

Funga chati tatu. MetaTrader 4 ukiifungua mara ya kwanza inakuwekea chati nne kwenye mandhari nyeusi. Bakiza EURUSD, jozi ya euro na dola. Ifungue mara mbili kwenye skrini kubwa: mishumaa ya saa 4 kushoto, ya dakika 15 kulia. Kushoto unaona unakoelekea, kulia unaona unapoingilia. Mpangilio ukikukalia, uhifadhi kama kiolezo ili usiujenge upya kila asubuhi.

Weka pesa yako mbele ya macho. Dirisha la chini lenye oda zilizo wazi, salio, thamani halisi ya akaunti na asilimia ya dhamana likae kwenye skrini ya laptopu, wazi muda wote, maandishi makubwa. Ctrl+T inalifungua. Wengi wanalificha ili chati iwe pana. Wanatazama mishumaa inavyopendeza na hawaoni dhamana ikishuka, mpaka dalali anawafungia oda mwenyewe. Nikikagua mpangilio wowote, hili ndilo ninalolitafuta kwanza.

Badilisha loti ya kuanzia, yaani ukubwa wa oda, leo hii. Dirisha la oda la MetaTrader 4 linafunguka na loti 1.00 isipokuwa umebadilisha kwenye mipangilio. Weka 0.01. Kwenye EURUSD loti 0.01 ni senti 10 za dola kwa kila pipsi, yaani kila bei ikisogea 0.0001; loti 1.00 ni dola 10. Kijana wa dola 300 alibonyeza F9 kwa haraka, akaona bei inakimbia, akatuma bila kutazama tarakimu. Dalali alikuwa amemkopesha 1 kwa 500, kwa hiyo oda ilikubalika. Bei haikuhitaji kumpinga hata pipsi 20. Alikuja dukani kwangu kuuliza kama kompyuta yake ina virusi.

Tofautisha demo na pesa halisi kwa rangi. Demo iwe mandhari nyeupe, halisi nyeusi, na usiziwashe zote kwa pamoja. Programu ni ile ile, namba ya akaunti imeandikwa kwa herufi ndogo juu kabisa, na jicho lililochoka halipandi huko.

Weka saa mbili mezani: ya Bukoba na ya chati. Seva nyingi za madalali zinafuata saa yao wenyewe, na miezi fulani inalingana na yetu, miezi mingine inapishana kwa saa moja. London inafunguka saa nne asubuhi yetu wakati wa kiangazi chao, saa tano wakati wa baridi. Taarifa ya ajira ya Marekani, ambayo kwa kawaida hutoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi, huku ni saa tisa na nusu alasiri au saa kumi na nusu. Iandike kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu. Dakika tano kabla yake, mikono mbali na kipanya.

Usifanye

Usiwashe kitufe cha kununua na kuuza kwa mbofyo mmoja. Kwenye MetaTrader 4 Alt+T inakileta na inakiondoa. Kiondoe. Zile sekunde mbili za kujaza dirisha la oda ndizo nafasi yako ya mwisho ya kuona loti na SL. Paka akipita juu ya kipanya umenunua.

Usijaze chati viashiria. Mistari saba inayotokana na bei ile ile inakuambia kitu kimoja kwa rangi saba. Viwili vinatosha, kimoja kinatosha zaidi.

Usiweke WhatsApp na vikundi vya signo kwenye skrini ya chati. Ujumbe wa "nunua sasa" ukiruka juu ya mshumaa, mkono unatangulia kichwa. Simu ya vikundi ikae chumba kingine.

Usianze na dhahabu. Najua, Geita ni jirani na kila kijana anataka XAUUSD. Loti 0.01 ya dhahabu ni wakia 1, na bei ikisogea dola 20 dhidi yako, jambo la kawaida siku hizi, umepoteza dola 20. Kwenye akaunti ya dola 100 hiyo ni moja ya tano kabla ya chakula cha mchana.

Usiifanye SL kuwa hirizi. Tarehe 15 Januari 2015, saa sita na nusu mchana kwetu, Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa euro. Bei iliruka, katikati hapakuwa na wa kununua, na SL zilifungwa mbali na zilipowekwa. Dalali Alpari wa Uingereza alifilisika ndani ya siku chache. Kwa hiyo SL na loti ndogo, vyote viwili.

WATU NA MANENO YA SIRI

Fanya

Anayetaka kuona matokeo yako, mpe neno la siri la kuangalia tu. Akaunti ya MetaTrader ina maneno mawili: moja linatredi, jingine linatazama. Mwalimu anayekataa la pili na kudai la kwanza, huna tena sababu ya kuongea naye.

Tafuta leseni ya dalali kwenye orodha ya mamlaka yenyewe, usiitafute kwenye tovuti ya dalali. Kenya iliweka kanuni za foreksi ya mtandaoni mwaka 2017, na mwaka uliofuata mamlaka yao ya masoko ya mitaji ikatoa leseni ya kwanza. Kwetu, waulize Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, kwa maandishi kabla hujatuma hata shilingi. Kisha toa pesa kidogo mapema. Weka dola 20, rudisha dola 10 kwenye simu yako. Dalali anayechelewesha kumi hatatoa elfu.

Usifanye

Usimruhusu mtu aingie kwenye kompyuta yako kwa AnyDesk akupangie chati. Akiingia humo ameshika kipanya chako, barua pepe yako na akaunti yako. Akisema ni dakika mbili tu, dakika mbili zinatosha.

Usisakinishe roboti ya bure iliyotumwa kwenye kikundi. Ikikuomba ruhusa ya kutumia faili za nje ya programu, umempa mgeni funguo za nyumba.

Usipokee pesa za majirani uzitredie. Kukusanya pesa za watu bila leseni ni kosa, na wazee hapa hawajasahau waliopanda mbegu kwenye upatu wa DECI na kilichowapata mwaka 2009. Hata kama nia yako ni safi, siku akaunti inaungua utakuwa umekaa nao kwenye msiba mmoja.

PESA YA MEZA HII

Fanya

Kaa kwenye demo miezi mitatu, kwa loti ile ile ndogo utakayoitumia baadaye. Demo ya dola 10,000 inakufundisha kuwa tajiri wa uongo. Omba ya dola 100.

Andika kwenye karatasi hasara ya juu ya siku, dola 2 kwa akaunti ya dola 100, uibandike kwenye fremu ya skrini. Ikifika, zima mashine uende shambani. Ukiuliza "je, nikiirudisha?", umeshachelewa kuzima.

Jua idadi. Watafiti wa Brazili, Chague, De-Losso na Giovannetti, waliwafuatilia watu walioanza kutredi soko la mikataba ya hisa la huko. Kati ya 1,551 waliodumu zaidi ya siku 300 za kutredi, asilimia 97 walipoteza pesa. Hao ni waliovumilia, wenye nidhamu ya kuamka kila siku.

Usifanye

Usiache kazi, usiuze boda, usiguse ada ya shule ya mtu. Kama hamu yako ni soko tu, Soko la Hisa la Dar es Salaam linauza hisa tangu Aprili 1998, na unanunua kwa simu bila skrini ya pili.

Usikate butura. Ndugu zangu wa Muleba wanajua ninachosema: kuuza kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu unataka pesa leo. Viongozi wa mkoa wameipiga vita miaka mingi na bado inafanyika gizani. Kijana mmoja alimshawishi baba yake wakate butura ya kibanja kizima, anunue laptopu na skrini mbili, zinazobaki ziingie kwenye akaunti. Mashine nilimpangia mimi, na sikuuliza pesa imetoka wapi. Akaunti iliisha ndani ya wiki tano. Skrini alizirudisha kwangu nimtafutie mteja. Kahawa ilipoiva, aliyeinunua mapema alihitaji vibarua wa kuchuma, na yule kijana alikuwa miongoni mwao, akijaza debe kwenye mibuni aliyoipanda babu yake.